UZI: Chama cha mbunge mmoja kutoka Kigoma kilivyoamka asubuhi na kukuta kina kisiwa kizima

#1. Mwana wa Ujiji (mleta mada)

Salaam wakuu.

Nimeona humu watu wanabishana ACT-Wazalendo ni chama cha nani. Wengine cha Zitto Kabwe, mwanasiasa wetu wa Kigoma, wengine cha Wapemba, wengine wanasema ni CUF, kile chama cha upinzani chenye ngome Zanzibar, kilichobadilisha kanzu. Mimi nimezaliwa Ujiji, Kigoma, na tangu 2016 nauza vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, Unguja. Chama hiki nimekiona kikitambaa nyumbani, nikakiona kikipakwa rangi ugenini, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo. Ni kirefu, asiye na muda apite tu.

Naanza na rangi, ndiyo ninayoijua vizuri.

Tarehe 18 Machi 2019, Jumatatu. Mchana Mahakama Kuu Dar es Salaam imesoma hukumu kwamba mwenyekiti halali wa CUF ni Profesa Lipumba. Hata watu hawajamaliza kusikitika, Maalim Seif, katibu mkuu wa CUF na kinara wake Zanzibar, anatoa kauli moja fupi: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Anahamia ACT, yeye na wenzake.

Ilipokaribia magharibi wakaingia dukani kwangu vijana watatu. Wanataka zambarau, rangi ya maji, ya ukuta. Nikawaambia zambarau sina, nani anapaka nyumba zambarau Zanzibar? Wakaenda duka la jirani, hakuna. Wakarudi. Mmoja akauliza, "Bluu unayo?" Ninayo. "Nyekundu?" Ninayo. "Basi chezea hapo." Tukakaa chini na ndoo na kijiti, tunakoroga kama watu wanaopika uji wa msiba. Ya kwanza ilitoka rangi ya damu ya mzee, ya pili imekuwa kahawia, ya tatu ndiyo ikakaa. Wakanilipa kwa noti za elfu elfu na sarafu, mchango wa barza nzima. Isha haijafika, ukuta uliokuwa na bluu ya CUF kwa zaidi ya miaka 20 ukawa zambarau, bado unanukia.

Mimi pale nimesimama na kijiti mkononi, nacheka peke yangu. Zambarau ile kwa watu wa Kigoma ilikuwa rangi ya chama chetu kidogo, chama cha ofisi mbili tatu na mbunge mmoja nchi nzima. Leo inapakwa Unguja na Pemba na watu ambao hawajawahi kuiona Ujiji hata kwenye ramani.

Turudi nyuma sasa. ACT ilipata usajili 2014. Zitto kwa karatasi alikuwa bado CHADEMA, chama kingine cha upinzani, ingawa ndani kulishachafuka. Machi 2015 akafukuzwa, mwezi huohuo akaingia ACT na kupewa ukiongozi wa chama, cheo ambacho katika siasa zetu kilikuwa kigeni. Mwenyekiti alikuwa mama Anna Mghwira. Wakatoka na Azimio la Tabora, kutaka kufufua Azimio la Arusha kwa nguo mpya. Maneno mazuri sana. Uchaguzi ukaja. Mama Mghwira kwenye urais akapata kura 98,763, haifiki hata asilimia moja. Bungeni kikaingia kichwa kimoja tu, Zitto mwenyewe, Kigoma Mjini. Zaidi ya hapo tukachukua halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, tukapata na meya. Huo ndio ulikuwa utajiri wetu wote.

Mkumbuke na haya: mwaka 2017 mzee Magufuli akamteua Profesa Kitila Mkumbo, mmoja wa vichwa vya chama, kuwa katibu mkuu wa wizara. Baada ya miezi miwili akamteua mama Mghwira kuwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Mwenyekiti kaondoka, mshauri kaondoka. Chama kikabaki kama nyumba ya kupanga ambayo mwenye familia kubwa kahama, sebule tupu na taa inawaka.

Nitaendelea nikifunga duka.

#2. Mla Urojo

Naweka kambi. Mleta mada usipotelee huko na ndoo zako.

#3. Lwiche

Mimi wa Mwanga, Kigoma. Mkuu umeeleza vizuri ila usitufanye wanyonge hivyo. Chama hakikuwa sebule tupu. Sisi 2015 tulichagua diwani wetu, meya wetu, mbunge wetu, na kila mwezi tulikuwa tunakaa nao kwenye mikutano ya kata wanatusomea mapato na matumizi. Kilikuwa chama cha mji mmoja, sawa, lakini kilikuwa cha kwetu. Baada ya 2019 ukienda ofisini unakuta agenda ni Zanzibar, Zanzibar, Zanzibar. Mawese yetu na reli yetu zikawa "mengineyo". 2020 tukanyang'anywa na jimbo. Mimi nasema tulimezwa.

#4. Mtu wa Kisiwa Kidogo

Lwiche usitufanyie hivyo ndugu yangu. Nani kammeza nani? Sisi tulikuwa watu laki kadhaa, tukaingia kwenye chama ambacho ofisi yake Pemba ilikuwa hata choo haina. Kwani mwenye nyumba akipata mgeni anayekuja na mabati, matofali na mafundi, anaitwa kamezwa?

#5. Mwana wa Ujiji (mleta mada)

Nimefunga. Naendelea.

Asiyeijua CUF hawezi kuelewa ile ndoo ya rangi. CUF yenyewe ilizaliwa kwa kuunganisha vitu viwili 1992: KAMAHURU ya Zanzibar, iliyokuwa imewakusanya watu wa Maalim Seif baada ya kutoka jela, na Chama cha Wananchi cha Bara kilichokuwa na James Mapalala. Bara walileta sura ya kitaifa, kwa sababu sheria haikukubali chama cha upande mmoja wa Muungano. Zanzibar walileta watu. Na haikuchukua muda Mapalala akatolewa, akaenda kuanzisha chake. Naomba hilo mlikumbuke, litarudi.

1995 matokeo ya Zanzibar: Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif 49.8. Pemba majimbo yote 21 yakaenda CUF, hata moja halikubaki. Tangu siku hiyo, kila uchaguzi ni wimbo ule ule na ubeti mpya: muafaka wa 1999, uchaguzi wa 2000 uliovurugika, mauaji ya Januari 2001 na watu kukimbilia Shimoni Kenya, muafaka wa pili Oktoba 2001, 2005 tena, kisha Rais Karume wa Zanzibar na Maalim kukutana Novemba 2009 na watu wakashangaa. Kura ya maoni Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, serikali ya umoja wa kitaifa ikaingia kwenye katiba ya Zanzibar, Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Kwa hiyo hawa watu walishazoea kugombana na kupatana. Walichokuwa hawajazoea ni kugombana wao kwa wao.

2014 kwenye Bunge la Katiba ikazaliwa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. 2015 CHADEMA wakamchukua Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, agombee urais. Profesa Lipumba, mwenyekiti wa CUF, akasema hilo hapana, Agosti akajiuzulu. CUF ikaenda bila yeye na ikapata wabunge wengi kuliko wakati wowote, 42 ukijumlisha na viti maalumu, si Pemba tu, mpaka Tanga na Mtwara. Zanzibar wanahesabu ushindi. Tarehe 28 Oktoba Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi Zanzibar, akafuta uchaguzi. Marudio Machi 2016, CUF wakasusa, Dk. Shein wa CCM akatangazwa kwa asilimia 91.4.

Hapo watu wamekaa chini wamejishika tama, Profesa akaandika barua kwamba anatengua kujiuzulu kwake. Mkutano mkuu wa Agosti 2016 pale Ubungo Plaza ukavunjika kwa viti kurushwa. Mwezi uliofuata Msajili wa Vyama akasema anamtambua Lipumba. Chama kikawa na vichwa viwili: ofisi kuu ya Buguruni, Dar, Profesa, Zanzibar Maalim. Ruzuku ikaenda Buguruni. 2017 wabunge wanane wa viti maalumu, wote kina mama wa upande wa Maalim, wakavuliwa uanachama na ubunge ukaondoka nao.

Sasa ndiyo ninachotaka kusema tangu jana. Chama katika nchi hii ni cheti cha usajili, muhuri na akaunti ya benki. Vitu vitatu, vinaingia kwenye mkoba mmoja. Watu ni kitu kingine kabisa. Maalim alikuwa na watu, mkoba ukawa Buguruni. Zitto alikuwa na mkoba, watu wakawa Ujiji tu. Huo muungano wa 2019 mnaouita wa kiitikadi mimi nauona hivyo: mtu mwenye abiria bila chombo, na mtu mwenye chombo bila abiria.

#6. Sheria Mkononi

Mleta mada umegusa penyewe, ngoja niongezee upande wa sheria maana hapa ndipo wengi wanapotea.

Tanzania huwezi kugombea bila chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alikwenda mpaka Mahakama ya Afrika, 2013 akashinda, na bado mpaka leo hakuna mgombea binafsi. Pili, mbunge akipoteza uanachama wa chama kilichompeleka, anapoteza kiti. Ukiweka hayo mawili pamoja, anayeshika muhuri anashika shingo za wabunge wote.

Ndiyo maana 2019 haikuwa "CUF wote wamehamia ACT" kama magazeti yalivyoandika. Wabunge wa Muungano wa upande wa Maalim waliokuwa bado bungeni walibaki CUF kwa karatasi mpaka Bunge lilipovunjwa 2020, mioyo imeshahama zamani. Na Baraza la Wawakilishi je? Huko hapakuwa na wa kumpoteza, maana CUF walisusia marudio ya 2016. Mnaona? Kususia kule, ambako watu walikulalamikia sana, ndiko kulikofanya kuhama kusiwe na gharama upande wa Zanzibar.

Mfano mzuri zaidi ni Babu Duni. 2015 UKAWA walitaka mgombea mwenza atoke CUF Zanzibar. UKAWA haikuwa chama, haikusajiliwa popote, na sheria inataka rais na mgombea mwenza wawe wa chama kimoja. Kwa hiyo Juma Duni Haji, Makamu Mwenyekiti wa CUF, akachukua kadi ya CHADEMA ili asimame na Lowassa. Akashindwa, akarudi CUF. 2019 akaenda ACT, na Januari 2022 akawa mwenyekiti wa ACT. Mtu mmoja, kadi nne katika miaka saba, na ukimuuliza Mpemba yeyote atakwambia Babu Duni hajahama popote.

#7. Mtu wa Kisiwa Kidogo

Hahaha, na ni kweli hajahama!

Sheria Mkononi umenikumbusha. Bi mkubwa wangu, Allah amrehemu, kadi yake ya CUF alikuwa anaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na risiti za karafuu. Siku wanayogawa kadi mpya Wete tulimpeleka kwa bodaboda. Foleni ndefu, jua la utosi. Alipofika mezani kijana akamwambia, "Bibi, tupe ile ya zamani." Akakataa. Kijana akasema utaratibu ndo huo, ya zamani inarudishwa. Bibi akamtizama, akasema, "Mwanangu, mie nilipewa hii na mtu aliyekufa 2001. Wewe nipe yako, yake niachie." Akapewa mpya, ya zamani akarudi nayo. Zikakaa pindo moja zote mbili.

Wengi wa wale waliokuwa kwenye foleni hawakuwa wakijua ACT ni kifupi cha nini. Walikuwa wakimfuata Maalim. Angesema tunahamia chama cha wavuvi wa pweza wangeenda.

#8. Kiberenge cha Kati

Chai tupu uzi huu. Mnapamba pamba mambo. Ukweli ni kwamba Maalim alichukua chama cha watu kwa kuwa chake alishindwa kukitunza, na Zitto alitaka ruzuku na kura za Pemba zimbebe. Wote wawili walikuwa na hesabu zao. Na 2020 wakatuletea Membe! Mtu kakaa CCM maisha yake yote, waziri wa mambo ya nje miaka minane, kafukuzwa Februari, Julai kaingia ACT, Agosti ni mgombea urais wa "wazalendo". Kisha Oktoba wanamwacha njiani wanasema pigieni Lissu wa CHADEMA. Hiyo ni siasa ama mnada?

#9. Mwana wa Ujiji (mleta mada)

Kiberenge, hesabu walikuwa nazo, sibishi. Nani anaingia ubia bila hesabu? Hata mimi nikimkopesha fundi saruji nina hesabu zangu.

Kuhusu Membe una haki ya kucheka. Mimi mwenyewe nilimuonea huruma. ACT walikuwa na tatizo hili: Zanzibar wana mgombea anayejulikana na kila mtoto, Bara hawana mtu. Wakamsimamisha Membe wakidhani atang'oa kipande cha CCM aje nacho. Alikuja na begi lake tu. Kisha Lissu akarudi kutoka Ubelgiji akiwa na risasi mwilini, mikutano inafurika. Maalim na Zitto wakasema hadharani wao kura ya Muungano wanampa Lissu. Membe akashikilia kwamba yeye bado yumo. Rasmi hapakuwa na muungano wowote, karatasi ya kura ina majina yote. Matokeo: Membe kura 81,129. Yaani chama kikubwa mara kumi ya kile cha 2015, na kura za urais zimepungua kuliko za mama Mghwira! Hapo mnaona wanachama wale walikuwa wamehamia wapi na hawakuhamia wapi.

Na Lwiche kasema kweli: jimbo la Kigoma Mjini likaenda CCM. Nilimpigia kaka yangu usiku ule, akaniambia, "Sasa zambarau ni yenu huko." Akakata simu. Hatujawahi kuzungumza siasa tena, tunazungumza mashamba tu.

Zanzibar, Dk. Mwinyi wa CCM akatangazwa kwa asilimia 76.27, Maalim 19.87. Mtu aliyepata 46 mwaka 2005 na 49 mwaka 2010 ameshuka hadi 19. Sitasema zaidi, kila mmoja ana akili yake. Majimbo manne ya Bunge ndiyo tuliyopewa, yote Pemba. Chama cha Kigoma bungeni hakikuwa hata na mtu wa Kigoma.

#10. Bintishamte

Mleta mada umepita haraka sana pale Oktoba 2020. Kabla ya kura watu walipigwa risasi Pemba, wakafa. Maalim alikamatwa mara mbili ndani ya wiki moja. Viongozi wengine waliumizwa. Halafu tarehe 6 Desemba chama kikatangaza kinaingia serikali ya umoja wa kitaifa, tarehe 8 Maalim akaapishwa Makamu wa Kwanza. Nyumbani kwetu baba alizima redio. Shemeji yangu alikuwa amelala kitandani hawezi kugeuka, mguu umefungwa. Akasema, "Basi mie nilivunjwa kwa ajili ya gari la Makamu?" Baba hakumjibu.

Wiki ile kila barza ilikuwa ni hilo tu. Waliosema sawa walikuwa na hoja: ukikaa nje, watu wako wanabaki jela na hakuna wa kuwaulizia. 2016 tulisusa, na uwaziri akapewa Hamad Rashid wa chama kidogo cha ADC kwa kura za asilimia 3, mtu tuliyemfukuza CUF sisi wenyewe. Waliosema si sawa nao walikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa imelala kitandani.

Mimi nilikuwa wa pili. Sasa hivi sijui niko wapi.

#11. Mwana wa Ujiji (mleta mada)

Bintishamte samahani dada. Nilipita haraka kwa sababu mimi si wa kuyasimulia hayo mbele ya wenyewe. Umeyasema vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Pole kwa shemeji.

#12. Sheria Mkononi

Wakati tuko hapo, tusisahau mkasa wa jimbo la Konde, Pemba, maana unaonyesha maridhiano yale yalikuwa ya namna gani. 2021 mbunge wa ACT alifariki, uchaguzi mdogo Julai, akatangazwa wa CCM. ACT wakapiga kelele mpaka wakatishia kutoka serikalini. Mshindi yule kabla hata ya kuapa akajiuzulu! Oktoba ukapigwa tena, ACT wakachukua. Nimefanya kazi ya sheria miaka mingi, sijaona mtu anaachia ubunge aliotangazwa nao hivi karibuni hata posho hajaonja. Wengine tunaamini palikuwa na simu ilipigwa, ila hiyo ni imani yangu, msininukuu.

Na Maalim hakuyaona hayo. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021, akazikwa Mtambwe. Aliikalia ile ofisi miezi miwili na siku chache.

#13. Mla Urojo

Siku ile mji ulikuwa kimya mpaka muuza urojo wangu Forodhani hakuwasha jiko. Niliambiwa "leo hapana" bila kuuliza kwa nini.

Swali: baada ya Maalim mbona chama hakikusambaratika? Wote tulisema ACT ni Maalim, akiondoka kwisha.

#14. Mtu wa Kisiwa Kidogo

Swali zuri. Mie nilikuwa katika waliosema kwisha.

Waliweka mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Othman Masoud Othman hakuwa mwanasiasa wa jukwaani, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. 2014 kwenye Bunge la Katiba alipiga kura ya hapana kwenye baadhi ya vifungu, hadharani, wakati kila mtu alijua serikali yake inataka ndiyo. Haukupita muda akaondolewa. Kwa Mpemba hiyo ni kadi tosha, huhitaji nyengine. Machi 2021 akawa Makamu wa Kwanza. Hana utani wa Maalim, hana ile sauti. Mara ya kwanza namsikia mkutanoni nilidhani tuko mahakamani. Lakini alikuwa mtu wa kusema hapana, na watu wetu wanamheshimu mtu wa namna hiyo.

Kisha Machi 2024 mkutano mkuu: Othman mwenyekiti, Dorothy Semu kiongozi wa chama. Zitto muda wake umefika kwa katiba ya chama, akapisha. Nyie mnaotuita tumemeza chama cha mtu, tajeni kiongozi mwengine mwanzilishi aliyekabidhi na kukaa benchi.

#15. Lwiche

Hapo nawapa. Zitto alikabidhi. Lakini angalia 2025 tena: Zanzibar Othman kasimama, kapata kama asilimia 23. Bara wakaenda CCM kuchukua Mpina, mbunge wa Kisesa, agombee urais, Agosti tu. Tume ikamtoa, Mahakama Kuu ikamrudisha Septemba, siku chache tena kaenguliwa. Membe ndani ya Mpina! Miaka 10 chama hakijaotesha mgombea urais wake Bara. Na Kigoma Mjini Zitto karudi kugombea, nani katangazwa? Baba Levo, kwa CCM. Baba Levo ambaye alikuwa diwani wa ACT hapa Mwanga! Hata aliyetushinda tulimlea sisi.

#16. Kiberenge cha Kati

Lwiche umeniua na hiyo ya mwisho. Haya, nafuta neno "chai". Nabakisha "mnada".

#17. Mwana wa Ujiji (mleta mada)

Lwiche, hilo la Membe na Mpina ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kumbukeni Mapalala niliyewaambia. Tangu 1992 mpango ni ule ule: Zanzibar inaleta watu, Bara inaleta mtu mmoja mwenye jina ili sura iwe ya Muungano. Mapalala, akatolewa. Lipumba, akakaa miaka mingi, akaondoka, akarudi na muhuri. Lowassa wa mkopo kutoka kwa majirani. Membe. Mpina. Zitto peke yake ndiye aliyekuja na chombo chake mwenyewe, na yeye ndiye aliyedumu bila kugombana nao. Mimi nadhani sababu ni kwamba hakuwa na kitu cha kugombania. Mtu mwenye mbunge mmoja hana kambi ya kutetea.

Kama chama kile kingekuwa na wabunge 20 wa Bara mwaka 2019, nakuapieni kisingewapokea. Wangekaa vikao miezi sita kujadili nani awe mwenyekiti. Udogo ndio uliokifanya kifunguke siku moja.

#18. Nahodha Mstaafu

Nimewasoma kimya kimya tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nimeendesha jahazi Tanga, Wete, Mombasa miaka 31. Nisahihishe kitu kimoja.

Watu wa bara mnasema "shusha tanga pandisha tanga" kama kubadilisha shati. Si hivyo. Tanga likipasuka baharini, unalishusha kwanza. Hapo chombo hakina tanga. Kinayumba, kinapigwa ubavuni, abiria wanatapika, na wewe nahodha huna la kuwaambia ila wakae chini. Muda huo ndio chombo kinapozama, kikiwa cha kuzama. Ndipo unapandisha jengine, na mara nyingi hilo la akiba ni dogo kuliko la kwanza, kwa hiyo mwendo unapungua hata upepo ukiwa ule ule.

Maalim mtoto wa Mtambwe, alijua anachosema. Mnaohesabu asilimia 49 na 19 na 23 mngeuliza kwanza tanga la akiba lina mikono mingapi.

#19. Bintishamte

Nahodha 👏

#20. Sheria Mkononi

Mzee umefunga shule. Na hilo tanga la kwanza bado lipo Buguruni, limekunjwa.

#21. Nahodha Mstaafu

Mleta mada, nina mtumbwi wangu mdogo wa kwenda kuvulia, mjukuu anataka upakwe zambarau. Ile yako ulichanganya kwa kipimo gani?

#22. Mwana wa Ujiji (mleta mada)

Shikamoo mzee. Bluu makopo mawili, nyekundu moja, nyeupe kijiko cha chakula tu, ukizidisha inakuwa ya waridi na mjukuu atalia. Lakini ile ilikuwa rangi ya maji, ya ukuta. Kwa chombo chukua ya mafuta, kipimo ni hicho hicho. Sasa hivi lakini huna haja ya kukoroga, zambarau iliyo tayari ninayo. Tangu siku ile huwa siiachi ikaisha dukani.

#23. Nahodha Mstaafu

Marhaba. Kopo bei gani?